Kabla hujapiga Windows upya: kwa fundi anayeanza kazi na kompyuta za zamani

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilikuwa na dawa moja tu, kupiga Windows upya. Kompyuta ikiandika maneno inapowaka, napiga Windows. Ikichelewa kuzima, napiga Windows. Siku moja mwalimu wa sekondari akaniletea mashine yake ya mtumba, Core 2 Duo yenye ramu ya GB 2. "Fundi, kila nikiwasha inaleta kidirisha kinasema faili fulani halipatikani. Nikikifunga naendelea na kazi zangu, ila kinanikera." Kesho yake nikamkabidhi mashine safi kabisa, safi mpaka alama za mtihani wa kidato cha pili zilikuwa zimeondoka. Alikuwa amezihifadhi kwenye desktopu, na mimi sikuuliza. Hakunifokea. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, nikaanze kusahihisha upya?"

Kidirisha chenyewe kilikuwa cha RunDLL, kipande cha Windows kinachoendesha mafaili ya DLL, na leo nakitoa kwa dakika mbili. Mashine zinazopokea flashi za kila mtu hukipata sana, hasa za steshenari na za shule. Antivairasi inamuua kirusi na kufuta faili lake, lakini ule mstari ulioiagiza Windows imwamshe kila kompyuta inapowaka unabaki palepale. Kila asubuhi Windows inamwita marehemu, haitikiwi, inakuja kukushtakia wewe. Chukua Autoruns, programu ya bure ya Microsoft. Vitu ambavyo faili lake halipo tena inavipaka rangi ya njano. Toa alama ya vema kwenye mstari husika, usiufute kwanza, kisha washa upya uone. Kwenye Windows 7 waweza kujaribu hata msconfig, na kwenye Windows 8 na 10 orodha hiyo ya vinavyojiwasha imehamia Task Manager. Usipoukuta huko, tazama Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, maana virusi vingi hupenda kujibanza humo.

Kwa hiyo mteja akikwambia "inaandika maneno", swali lako la kwanza liwe: maneno hayo yanakuja kabla ya nembo ya Windows au baada yake? Yakija baada, tatizo kwa kawaida ni programu, na huna sababu ya kushika bisibisi. Yakija kabla, kwenye kioo cheusi, anza na vitu vya bei rahisi.

Cha bei rahisi kuliko vyote ni kuchomoa flashi. Mashine iliyopangiwa kuanzia kwenye USB ikikuta flashi isiyo na Windows, nyingine hugoma na kusema haioni pa kuwakia. Nimeshaletewa sipiyu kwenye bodaboda kwa ajili ya hilo tu, flashi ikiwa bado imechomekwa nyuma.

Kinachofuata ni betri ya saa, kile kidude cha duara kwenye madabodi, CR2032, volti 3. Ikifa, mashine inakudai ubonyeze F1 kila ukiwasha, na tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Mteja mwingine wala hataji tarehe, anakuja akisema intaneti imekufa. Intaneti ni nzima. Tovuti nyingi zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini tupo mwaka 2008 inaviona vyote ni batili. Kuna mtu aliuziwa modemu mpya kwa ugonjwa huu. Pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 2.8 au hivi, badilisha.

Hapo hapo kwenye betri kuna mtego ulionilaza macho usiku mmoja. Ukiitoa, bayosi, ile programu ya madabodi inayoiamsha kompyuta, inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hali ya SATA, yaani namna madabodi inavyozungumza na diski, inaweza kuhama kutoka AHCI kwenda IDE, au kinyume chake. Windows 7 iliyowekwa kwa hali moja mara nyingi haiwaki kwa nyingine, inatoa kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B. Fundi mchanga akiiona namba hiyo anatangaza kwamba diski imekufa. Rudi bayosi, geuza hali ya SATA, washa tena. Na safari nyingine piga picha ya mipangilio kwa simu kabla hujagusa betri.

Mashine ikipiga milio bila kuonyesha picha, shuku ramu. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, toa ramu, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha moja moja. Sehemu kubwa ya kazi zangu za ramu zimeishia hapo, bila kununua kitu.

Diski usiiendee kwa papara. Kama bado inasomeka, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, utazame mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hiyo ndiyo inayoeleza sehemu za diski zilizooza au zinazoelekea huko. Namba zikipanda kati ya leo na kesho, nakili kazi za mteja kwanza, mambo mengine baadaye. Usikimbilie chkdsk /r, kwa sababu inaisomesha diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kukufia mikononi. Ila ikiwa inayopanda ni C7 peke yake, badilisha waya wa SATA kabla hujamtisha mtu kwa bei ya diski mpya.

Sasa kuzima. Mafundi wengi hulipuuza hili kwa kuwa mteja analitaja mwishoni, akiwa ameshika mlango: "Halafu inachelewa kuzima, lakini siyo kesi." Ni kesi. Fikiria dada wa steshenari, saa mbili usiku, daladala zinapungua. Amebonyeza kuzima, mashine inazungusha kiduara dakika nne, tano. Anabana kitufe mpaka ikate, au anazima swichi ya ukutani. Windows ilikuwa bado inaandika kwenye diski. Asubuhi mashine inaanza kwa kukagua diski, wiki ijayo faili la mfumo limeharibika, na wewe unaletewa "tatizo la kuwaka". Ukitibu la asubuhi ukaacha la jioni, mashine itarudi kwako, na mteja ataamini ulimwibia.

Usikisie kinachochelewesha. Windows yenyewe inaandika. Fungua Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, shuka mpaka Microsoft, kisha Windows, kisha Diagnostics-Performance. Tukio namba 100 linakupa muda wa kuwaka na namba 200 muda wa kuzima, kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde: 95000 maana yake sekunde 95. Ukikuta namba 203, limetajwa jina la huduma iliyogoma kutoka. Ukitaka kuyaona kwa macho, weka thamani ya VerboseStatus iwe 1 kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, na mashine itakuandikia kila hatua inapozima.

Kwenye maduka ya kuchapa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni printa. Hati iliyokwama tangu Jumanne inabaki kwenye foleni, na huduma ya uchapaji inaendelea kuipigania. Simamisha Print Spooler, futa vilivyomo ndani ya folda ya spool\PRINTERS, washa huduma tena. Mtuhumiwa wa pili ni fundi aliyekutangulia, aliyewasha ClearPageFileAtShutdown akisema ni usalama. Mpangilio huo unaamuru faili la kumbukumbu (pagefile), lile linaloisaidia ramu, lifutwe lote kila unapozima. Faili la GB 4 kwenye diski ya zamani inayoandika MB 60 kwa sekunde, hapo umeshakula zaidi ya dakika nzima. Irudishe sifuri.

Kuna ushauri unaozunguka sana, wa kupunguza WaitToKillServiceTimeout. Ni muda ambao Windows inaipa huduma ijifungashe kabla ya kuiua. Kwenye Windows 7 ni 12000, yaani sekunde 12. Mimi siupunguzi. Programu ya mauzo ya duka inauhitaji muda huo kuandika hesabu za siku, na ukiinyima, hesabu zitakazopotea si zako. Na mashine ikisema inaweka masasisho, mwambie mteja aiache aende, itajizima yenyewe.

Kwenye Windows 8 na 10, fahamu kwamba kuzima kwa kawaida siyo kuzima kamili. Sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka kesho, na kosa likiwemo humo linalala na kuamka nalo. Shikilia Shift unapobonyeza kuzima, au tumia Restart, ndipo kila kitu kianze upya.

Mteja mwenye hela kidogo mshauri SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240 kabla ya kitu kingine chochote. Hata Core 2 Duo itamshangaza. Na umweleze wazi kwamba Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 ya kawaida Oktoba 14, 2025. Asije akadhani umemrudishia mashine mpya.

Nina kaunta buku ninaloandika maneno ya kwenye kioo herufi kwa herufi, nilichofanya, na pale mteja aliponijibu kazi zake zipo wapi. Yule mwalimu bado ni mteja wangu. Akileta mashine, kabla hata ya salamu anatoa flashi mfukoni, ananionyesha, anairudisha, ndipo ananikabidhi sipiyu.