Ukitaka Kuonana na Shujaa wa Michezo, Fika Mapema

Shujaa usimtafute kwenye mstari wa kumalizia. Pale utaona migongo ya watu, simu zilizoinuliwa na polisi wanaosukuma umati, na mwenyewe atakuwa hoi, anatafuta maji na pa kukaa. Mimi ni mtu wa Himbi, hapa Goma, Kongo. Naogelea, naendesha baiskeli na kukimbia kwa kupenda tu, na jukwaa la washindi nalijua kwa macho. Lakini mbio kubwa zikija Rubavu, upande wa Rwanda, zinakuwa ng'ambo tu ya barrière, yaani kizuizi cha mpakani, na hapo ndipo nimewaona watu ambao wengine wanawajua kwa televisheni. Ushauri wangu kwa vijana wanaoniuliza ni mmoja: nenda asubuhi, kabla mbio hazijaanza.

Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za siku kadhaa, ya Februari 2023 ilipita hapa kwa siku mbili. Hatua ya tano ilitoka Rusizi hadi Rubavu, karibu kilomita 195, na kesho yake hatua ya sita ikaanzia Rubavu kwenda Gicumbi. Rafiki zangu walikwenda siku ya kuwapokea, wakarudi na video fupi ya kelele na magurudumu. Mimi nilivuka Petite Barrière asubuhi ya pili.

Chris Froome alikuwemo mwaka ule. Ni mshindi wa Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017), amezaliwa Nairobi, na aliyemfungulia njia ya baiskeli ni Mkenya, David Kinjah. Huku kwetu mtu wa namna hiyo tunamhesabu wa nyumbani. Nilimwona kidogo, watu wakamfunika, nikamwacha. Hatua chache kutoka pale, kijana wa timu nyingine, Mnyarwanda, alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki anajipaka mafuta miguuni. Hakuna aliyemtazama.

"Kaka, samahani kidogo. Leo umekula nini, na saa ngapi?"

Akacheka. "Wali mweupe na mayai. Saa kumi na mbili. Mboga sijagusa, nitakula jioni."

Sisi huku siku ya mbio ndefu tunajaza bugali na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, ili tupate nguvu, halafu tunashangaa tumbo linavyotukamata njiani. Mboga za majani zina nyuzinyuzi nyingi, zinakaa tumboni muda mrefu, na mwili unaokimbia hauna nafasi ya kuzishughulikia. Kijana yule alinieleza yote hayo huku akiendelea kupaka mafuta, mpaka mwalimu wake akamwita. Mtu ukimuuliza kitu anachokifanya kwa mikono yake kila siku, anasahau kwamba ana haraka. Ukimuuliza siri ya ushindi, atakujibu bidii na nidhamu, na utarudi nyumbani mikono mitupu.

Na pengine hata kuuliza hakuhitajiki. Agosti 2022 Ironman 70.3, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, ilifanyika Rubavu: kilomita 1.9 ndani ya Ziwa Kivu, 90 za baiskeli, 21.1 za miguu. Nilisimama nje ya uzio wa eneo la kubadilishia, pale wanapotoka majini kuchukua baiskeli, alfajiri, nikitazama wanavyopanga vitu. Mmoja wa wale wazoefu aliweka kofia ya baiskeli juu ya usukani, imepinduliwa, mikanda imefunguliwa pande zote mbili, miwani ndani yake. Inavaliwa papo hapo, maana sheria inataka kofia iwe imefungwa kabla hujagusa baiskeli. Viatu vilikuwa vimeshanaswa kwenye pedali, na kila kimoja kimefungwa kwa kampira kembamba hadi kwenye fremu ili kikae sawa, kisiburuze chini. Ukianza kukanyaga, kampira kanakatika kenyewe. Ukijaribu hili nyumbani, usikate ule mpira wa tyubu wanaofungia mizigo kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Ule haukatiki, utakuangusha. Tafuta ule wa kufungia noti.

Mashujaa wa karibu tunawasahau haraka, sijui kwa nini. Makorobondo Salukombo alikimbia marathoni ya Rio 2016 kwa bendera ya Kongo, na Beatrice Kamuchanga akakimbia mita 5,000 katika michezo hiyo hiyo. Hao ni watu wa huku kwetu Kivu. Ukikutana na mkimbiaji wa kiwango hicho barabarani, msalimie, lakini usijipachike kwenye mazoezi yake bila ruhusa. Huenda anahesabu muda. Akikukaribisha siku yake ya kupumzisha miguu, utashangaa anavyokwenda taratibu, hata mama aliyebeba ndizi anaweza kumpita, na hapo utajua kwa nini wewe unachoka kila wiki.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema. Usimwombe viatu. Najua maisha ya Goma, najua bei ya viatu vya mbio pale Birere, hata vile vya mtumba. Lakini mtu aliyefika mbali huombwa viatu, nauli na jezi toka asubuhi hadi jioni, na anayeanza kwa kuomba anawekwa kwenye kundi hilo hapo hapo. Mzoee kwanza. Nimeona zaidi ya mara moja mwenyewe ndiye anayeuliza, "Wewe unavaa namba ngapi?"

Picha iombe mwishoni, simu ikiwa tayari imefunguliwa, moja tu. Kisha andika alichokuambia ukiwa kwenye foleni ya kurudi barrière, kwa sababu ukishafika nyumbani utakuwa umeanza kuongeza chumvi.