Kinu cha nyuklia kikifungwa, umeme wa saa moja jioni utatoka wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, sasa niko Fresno, California, nasomea umeme. Huku mjadala wa kinu cha nyuklia cha Diablo Canyon hauishi. Kilikuwa kizimwe mwaka 2025, jimbo likakiongezea muda hadi 2030. Kinatoa megawati 2,200 na kidogo. Jua la huku halina tofauti na la Dodoma, kwa nini wasijenge sola ya megawati 2,200, wakazima kinu, yakaisha? Na mpangaji wa umeme wa jimbo zima anaanzia wapi hesabu zake?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali hili nimeulizwa hata na watu wenye tai na vikao vya bodi, kwa hiyo usilionee haya.

Tuanze na neno megawati, maana ndilo linalotuponza. Megawati inakuambia mashine inaweza kusukuma kiasi gani kwa wakati mmoja. Itasukuma kwa saa ngapi, hilo haikuambii. Wewe mtu wa Morogoro mfano unao nyumbani: Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, karibu sawa na Diablo Canyon. Lakini bwawa lilisanifiwa litoe uniti bilioni 6 hivi kwa mwaka, kwa sababu maji ya Rufiji yana msimu wake. Uniti hizi ndizo zilezile unazonunua kwenye LUKU. Diablo Canyon hutoa uniti bilioni 18 hivi. Megawati karibu zilezile, kazi mara tatu, kwa sababu kinu cha nyuklia hakilali. Kinazunguka usiku na mchana, na kinasimama tu kubadilishiwa mafuta au kinapopata hitilafu.

Sasa sola. Mashamba makubwa ya sola ya California hufanya kazi kama robo hivi ya uwezo wake ukipiga wastani wa mwaka mzima, yakiwa mahali pazuri na paneli zinazofuata jua hupanda kidogo. Tuseme asilimia 28. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo megawati moja ya sola inakupa uniti milioni 2.45 hivi. Gawanya bilioni 18 kwa hizo, unapata megawati 7,300 na ushei. Sola yako ya 2,200 ingefidia chini ya theluthi moja ya kazi ya kinu.

Watu wengi wakifika hapo husema basi, tujenge hizo 7,300. Mimi nilifanya kosa la aina hiyohiyo mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipanga hesabu kwa wastani wa kila mwezi, jedwali likapendeza, nikalipeleka kwa mkuu wangu. Akaliangalia, akauliza swali moja: "Saa moja jioni una nini?" Sikuwa na kitu.

California ilijifunza swali hilo kwa machungu. Tarehe 14 Agosti 2020, katikati ya joto kali, mwendeshaji wa gridi aliamuru mgao wa umeme, na kesho yake tena. Jimbo lilikuwa halijaona mgao wa namna hiyo tangu 2001. Mahitaji ya siku ile ya kwanza yalifika kileleni karibu saa kumi na moja jioni, na mgao ukaanza baada ya saa kumi na mbili na nusu, wakati mahitaji yameshaanza kushuka. Jua lilikuwa linashuka kwa kasi kuliko mahitaji: watu wamerudi nyumbani, viyoyozi vinanguruma, paneli zinaaga. Taasisi za jimbo zilipochunguza zilitaja joto lisilo la kawaida, kasoro za soko ambalo umeme huuzwa siku moja kabla ya kutumika, na hili la tatu linalokuhusu wewe: malengo ya mipango hayakuwa yamehama kutoka saa za mchana kwenda saa za mwanzo wa usiku.

Kwa hiyo mpangaji haanzii kwenye kinu kinachofungwa. Anaanzia kwenye saa. Anachukua saa zote 8,760 za mwaka, anatoa jua na upepo kwenye mahitaji, kisha anatafuta saa ambazo kilichobaki ni kikubwa kuliko mitambo inayoweza kuitwa na ikaitika. Halafu anairudia kazi hiyo kwa miaka mingi ya hali ya hewa na kwa hitilafu za kubahatisha, mitambo huharibika bila kuomba ruhusa. Kipimo kilichozoeleka Marekani ni kwamba upungufu usizidi siku moja katika miaka 10. Ukitoa kinu kwenye hesabu na kipimo kikavunjika, unaongeza vitu mpaka kirudi. Vitu vyenyewe havihesabiwi kwa megawati zilizoandikwa kwenye lebo, bali kwa kile vinachoweza kutoa saa hiyo: megawati 100 za sola kwa saa moja jioni ya Septemba zinakaribia sifuri, betri inayoweza kutoa umeme kwa saa 4 mfululizo inahesabika vizuri, jotoardhi karibu yote.

Betri nazo zina mipaka. Kuziba megawati 2,200 kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku kunahitaji megawati-saa 8,800 (megawati-saa moja ni uniti 1,000). Kuvusha usiku mzima wa saa 14 kunataka 30,800, bila kuhesabu kinachopotea wakati wa kuchaji na kutoa. Na Desemba sola hutoa nusu ya inachotoa Juni, pengine chini ya hapo, siku za mawingu zikifuatana betri hazina cha kuchajiwa. Ndiyo maana mbadala wa kinu kimoja huwa mchanganyiko: sola, betri, upepo wa majimbo jirani wenye tabia ya kuvuma usiku, jotoardhi, na watu kukubali kupunguza matumizi.

Kuna kitu kingine ambacho uniti hazikionyeshi. Kinu cha San Onofre, kati ya Los Angeles na San Diego, kilisimama Januari 2012 baada ya mrija wa jenereta ya mvuke kuvuja, na Juni 2013 mwenye nacho akatangaza kwamba hakitawashwa tena. Gesi iliziba sehemu kubwa ya uniti. Lakini eneo lile lilikuwa linategemea kinu kushikilia volti, na volti huisafirishi kutoka mbali. Suluhisho likawa la ajabu kidogo: mashine mbili za kituo cha gesi cha Huntington Beach ziligeuzwa kuwa za kuzunguka tu bila kuchoma chochote, kazi yao kushika volti. Diablo Canyon iko pwani ya San Luis Obispo kwenye njia kuu za kilovolti 500, kwa hiyo tatizo lake si la mtaa mmoja kama lile.

Kuhusu Diablo Canyon kuongezewa muda, maoni yangu ni haya. Uamuzi wa mwenye kinu wa mwaka 2016 wa kukifunga haukuwa wa kijinga. Ulioharibika ni mpangilio. Tume ya Huduma za Umma ya jimbo, inayosimamia kampuni za umeme, ilipitisha kufungwa Januari 2018, ikaacha suala la mbadala liamuliwe kwenye mipango ya baadaye. Amri ya kununua megawati 11,500 za umeme mpya, ambamo 2,500 zililenga hasa pengo la Diablo Canyon, ilikuja Juni 2021. Tarehe ya kuzima ilikuwa imeandikwa, ya kuwasha haikuwepo. Gavana akasaini sheria ya kuongeza muda tarehe 2 Septemba 2022, pamoja na mkopo wa hadi dola bilioni 1.4. Siku nne baadaye gridi ikafikia kilele chake cha kihistoria, megawati 52,061, na saa kumi na mbili kasoro robo jioni simu za mamilioni ya watu zikalia kwa ujumbe wa dharura wa kuomba wazime visivyo vya lazima. Ndani ya dakika chache mahitaji yakaporomoka kwa zaidi ya megawati 1,000. Hapakuwa na mgao.

Tangu hapo betri zimeongezeka kwa kasi niliyokuwa siitarajii: jimbo lilipita megawati 10,000 mwaka 2024, kutoka mia kadhaa tu mwaka 2020. Kama zingekuwepo miaka miwili mapema, huenda usingekuwa na swali la kuniuliza.

Ukitaka kuonja kazi yenyewe, mwendeshaji wa gridi anaweka takwimu za kila dakika 5 hadharani, bure. Pakua za Septemba 6, 2022. Safu ya kwanza weka mahitaji, ya pili sola, ya tatu upepo, ya nne matokeo baada ya kutoa. Chora mstari wa hiyo ya nne, kisha ondoa megawati 2,200 kwenye mitambo mingine na uangalie kilichobaki kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Ukikwama kwenye safu ya nne, niandikie tena.