Barua kwa mwanangu: kiwanja cha Gungu na wiki mbili za Marekani

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, nasi huku hatujambo. Umeniuliza mambo mawili: kwanza, iwapo ile programu ya masomo ya kiangazi kwa wanafunzi wa sekondari, ya wiki mbili katika chuo kikuu cha Marekani, iliyomwandikia mjukuu wangu kwamba "amechaguliwa", ni ya kweli, na pili, iwapo uuze kiwanja cha Gungu ili ulipe ada ya dola 6,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Kiwanja usikiuze. La programu linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu si utapeli, wala si kile unachokidhania.

Wanafunzi wa vyuo vya Marekani huenda likizo ndefu kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, mabweni na madarasa yakabaki matupu, na kuyajaza ni biashara. Programu nyingine huendeshwa na chuo chenyewe. Nyingine ni za kampuni iliyokodi mabweni na kumbi, ambayo huliandika jina la chuo kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Utazitambua kwa kutazama fedha zinaingia kwenye akaunti ya nani, na kama tovuti ya chuo chenyewe inaitaja programu hiyo. Hata hivyo, ile ya chuo chenyewe nayo isikupe matumaini yasiyokuwapo. Harvard, ambayo shule yake ya kiangazi ilianza mwaka 1871, ina programu ya wiki mbili kwa wanafunzi wa sekondari isiyotoa alama za darasani wala kuhesabiwa katika masomo ya shahada, na nyingine ndefu zaidi ambayo kozi zake huhesabiwa. Kuhudhuria mojawapo hakumpi mtoto nafasi ya kudahiliwa baadaye, kwa kuwa maombi ya shahada husomwa upya na watu wengine kabisa.

Halafu dola 6,000, ambazo kwa shilingi zinakaribia milioni 15, ni mwanzo tu. Ongeza nauli ya ndege, pasi ya kusafiria, na safari ya kutoka huko kwenu Tabora hadi Dar es Salaam kwa usaili wa viza. Ikiwa programu ina masomo yanayozidi saa 18 kwa wiki, kwa kawaida mtoto atahitaji viza ya mwanafunzi, nayo huambatana na ada ya ziada. Ada ya viza hairudishwi hata ukinyimwa, na programu nyingi hazirudishi ada yote kwa aliyejitoa siku za mwisho.

Jambo lililonifanya nisite zaidi ni ile fomu uliyonitumia. Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta mahali mtoto alipoulizwa jambo la kufikiri, sikupaona. Ameulizwa jina, kidato, alama za muhula mmoja, na nani atakayelipa. Linganisha na programu mbili za hisabati huko Marekani kwa wanafunzi wa sekondari: Programu ya Hisabati ya Ross, iliyoanzishwa na Arnold Ross mwaka 1957, au ile ya PROMYS ya Chuo Kikuu cha Boston iliyoanza mwaka 1989. Zote mbili huchukua wiki sita, na mwombaji hupewa maswali ya hisabati ambayo huhangaika nayo kwa siku nyingi nyumbani, akaandika si jibu peke yake bali njia aliyoifuata na mahali alipokwama. Maswali hayo huwekwa mtandaoni, hivyo mtoto wa Tabora anaweza kuyajaribu bila kumlipa mtu. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani nacho huendesha hapahapa Afrika programu ya Yale Young African Scholars, isiyotoza ada, kwa wanafunzi wa sekondari wa bara hili. Kupata nafasi humo ni kugumu, na ndiyo maana neno "umechaguliwa" likitoka huko lina uzito.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki wale wanafunzi wa mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wamarekani na Waafrika walikuja hapa Kigoma wakati wa kiangazi kusoma Ziwa Tanganyika. Hao walikuwa wa chuo, si wa sekondari, lakini nilichokiona kwao ndicho ninachokitafuta katika programu yoyote. Walizamisha bomba ziwani, wakalitoa limejaa tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka, wakalikata vipande vyembamba, kisha wakakaa na hadubini kuhesabu magamba ya viumbe wadogo kuliko punje ya mchele ili wajue ziwa lilikuwaje zamani. Binti mmoja alihesabu upya magamba ya kisahani kilekile cha tope kwa sababu hesabu yake na ya mwenzake hazikulingana, na mwalimu wao alikaa kando bila kumwambia nani amepatia. Mimi niliyefundisha biolojia kwa ubao na chaki nilimwonea wivu, nakiri. Katika ratiba ya wiki mbili uliyonitumia nimeona mihadhara, matembezi mjini na sherehe ya vyeti. Kazi ya kuhesabu kisahani sikuiona.

Kuna pia kalenda, ambayo hakuna aliyeitaja. Programu yenyewe ni ya mwezi wa saba, wakati shule zetu zimeshafunguliwa, naye yuko kidato cha tatu. Mwakani mwezi wa kumi na moja ana mtihani wa Taifa. Nafasi pana katika sekondari yote ni baada ya mtihani huo, mpaka kidato cha tano kinapoanza mwezi wa saba. Programu inayoanza na kumalizika mwezi wa sita ingeingia humo vizuri. Baada ya kidato cha sita kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na hapo miezi hiyohiyo huwa imeshikwa.

Basi waandikie kwa adabu kwamba hamtashiriki mwaka huu, wala usilipe ile amana ya "kushikilia nafasi". Mwezi wa sita mpandishe mtoto treni aje huku. Nauli nitaitoa mimi. Nitakwenda naye kwenye taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, niwaombe wamwonyeshe kazi yao, na jioni tutakaa na maswali ya Ross ya mwaka uliopita, ingawa hisabati yangu imeshika kutu. Akiyapenda, tutatafuta programu ya namna hiyo inayoingia katika nafasi ile ya baada ya kidato cha nne. Akiyachukia, nalo tutakuwa tumelijua kwa gharama ya tiketi ya treni.

Jambo moja nakuomba: usimwambie kwamba bibi amekataa. Mpe barua hii aisome mwenyewe, na kama ana hoja ya kunipinga, aniandikie yeye.

Mama yako