Maswali ya jikoni: Soko kwanza, ratiba baadaye

Shikamoo dada. Kila Ijumaa naandika ratiba ya chakula cha wiki nzima. Nikifika soko la Mabibo nakuta bamia zimepanda bei, kisamvu hakuna, na karatasi yangu haina kazi tena. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Ubungo)

Marahaba mdogo wangu. Kosa lako ni siku tu: unaandika kabla hujaona soko. Geuza. Nenda na idadi kichwani, majina ya mboga yaache huko huko sokoni: majani mara mbili, bamia au jamii ya bilinganya mara mbili, maharage mara moja, na vitu vigumu vya kumalizia wiki. Ukifika, zunguka soko zima mikono mitupu kabla hujanunua hata kitunguu. Kilichojaa kwenye kila meza ndicho msimu wake, na hapo ndipo muuzaji atakuongezea.

Ukirudi, mwaga kapu lote mkekani ujiulize kipi kitaharibika mwanzo. Mchicha upike Jumamosi hiyo hiyo, matembele Jumapili. Jumatatu bamia, zikiwa bado zinakatika ncha ukizivunja kwa kidole. Jumanne nyanya chungu na bilinganya, na usiku huo loweka maharage ya Jumatano. Kabichi na boga ni wavumilivu, waache wasubiri Alhamisi na Ijumaa. Boga zima lisilokatwa hukaa hata wiki kadhaa. Nasema haya kwa uchungu, maana niliwahi kuanza na kabichi kwa sababu tu ilikuwa juu ya kapu. Jumanne nikafungua mfuko wa matembele nikakuta uji wa kijani.

Weka na dagaa wakavu kwenye kopo kwa siku ambayo kila kitu kimevurugika. Wanunue kabla mwezi haujawa mpevu: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapungua.

Dada, naishi peke yangu Sinza, sina friji. Nyanya za sado zinaniozea. Nifanyeje?

Sado ya nini na wewe uko peke yako? Nunua fungu, na umwombe muuzaji akuchanganyie: mbili zilizoiva za leo na kesho, nyingine zenye wekundu wa kuanza tu. Nyumbani usizioshe mpaka siku ya kupika, na usizirundike. Zipange kwenye sinia, moja moja, mahali penye hewa. Iliyopasuka iingie sufuriani usiku huo huo.

Mama mkwe anasema kisamvu kisichochemka sana ni sumu. Mimi nakinunua kimeshatwangwa sokoni, nakichemsha dakika kumi natia nazi. Nani ana haki? (Temeke)

Mama mkwe. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sumu ya sayanaidi. Kutwanga kunaifungua hiyo sumu, kuchemsha kunaiondoa, hivyo kimoja bila kingine hakitoshi. Kiweke kwenye maji mengi, acha sufuria wazi ili mvuke utoke, na uchemshe mpaka ile harufu ya ubichi iishe na jani lilainike kabisa ukilibana kati ya vidole viwili. Dakika kumi hazifiki huko.

Ndipo nazi. Tui la pili, lile jepesi, litangulie na chumvi na kitunguu, likaukie humo. Tui zito liingie mwishoni, moto mdogo, mwiko ukizunguka bila kupumzika, la sivyo linakatika. Njugu mawe au kunde ukitia, umepata mlo kamili na ugali, nyama haina haja.

Watoto hawataki mchicha.

Unauchemsha ukamwaga maji? Hata mimi nisingeutaka. Uoshe kwanza, ukate baadaye, ukaange haraka na kitunguu, kisha karanga za kusaga. Mafuta ya karanga husaidia mwili kupata vitamini A kutoka kwenye majani. Wakikataa na huo, wape matembele ya nazi.

Maharage yangu hayaivi bila magadi. Kuna ubaya?

Magadi yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini B1. Loweka usiku kucha, maji hayo yamwage. Mkaa utapungua pia.

Tangu masika yaanze nyanya hazishikiki huku Tanga. Mchuzi tutapikaje? (Baba anayepika mwenyewe)

Hongera kwa kupika, baba. Mvua nyingi huozesha nyanya shambani na barabara za mashambani hugeuka tope, kwa hiyo bei itakaa juu kwa muda. Lakini wewe uko pwani! Mchuzi wa samaki wa nazi unataka uchachu tu, na uchachu si nyanya peke yake. Ukwaju ulowekwe ukamuliwe, au ndimu, au embe bichi likatwe vipande vinne litiwe pamoja na tui jepesi. Kitunguu kikiungua kidogo pembeni na bizari ikinukia, hakuna atakayeuliza nyanya ziko wapi. Embe lenyewe watagombania.