Kabla hujafungua boksi la kifaru, tafuta ungo

Shemeji alipokuja likizo aliniletea boksi la vitofali vya plastiki vya kujengea Tiger I, kifaru kizito cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua siku kumi na moja, mbili kati ya hizo nikibomoa nilichojenga mwenyewe.

Usimwage vitofali mezani. Sisi wa Igogo, hapa Mwanza, tunaishi mlimani juu ya mawe, na sakafu yangu ina mteremko wake: kitu cha mviringo kikidondoka, kakitafute mlangoni. Jengea ndani ya ungo. Vipande vidogo vipange kwenye trei za mayai, na uvitenganishe kwa umbo. Rangi haitakusaidia, karibu vyote ni kijivu.

Usiku nao uache, hasa wadudu wa ziwani wakianza kuingia kama moshi. Wanafuata taa, na taa iko juu ya ungo wako.

Sasa magurudumu. Hapo ndipo nilipoijua kazi. Tiger ilikuwa na ekseli nane kila upande, na magurudumu yake yamepishana na kulaliana ili uzito wa tani kama 57 usambae vizuri ardhini. Mimi gurudumu moja la ndani nililibana vibaya. Nikaja kugundua wakati ya nje yote yameshaingia na mnyororo umefungwa, kifaru hakisogei. Kulifikia moja ilibidi nitoe kadhaa. Wanajeshi waliokiendesha walipata adha hiyohiyo, tena kwa vyuma: la ndani likiharibika, ya nje yanatangulia kufunguliwa. Kule Urusi, wakati wa baridi, matope yaliganda katikati ya magurudumu. Kwa hiyo kila ukimaliza ekseli, zungusha gurudumu kwa kidole kabla ya kufunua ukurasa unaofuata. Likikwama kidogo, usijidanganye kwamba litalegea.

Ukijenga na mtoto, jiandae kwa maswali. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, hawa ni Wajerumani walewale wa Jiwe la Bismarck?" Nikamwambia taifa ni lilelile, ila wale waliotutawala, walioupa mwamba wetu wa ziwani jina hilo, waliondoka Mwanza mwaka 1916, vita nyingine kabisa. Vifaru hivi vilianza kupigana mwaka 1942, na Afrika vilifika Tunisia tu. Kimoja kilitekwa hukohuko mwaka 1943, leo kiko makumbusho ya Bovington, Uingereza, na injini yake bado inawaka. Alichoshika ni hilo la injini. Akataka na chetu kiwake.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi. Kitambaa kinanasa kwenye vishikizo, mimi kiling'oa mfuniko wa dereva nikaupata chini ya kochi baada ya wiki. Siku hizi kazi hiyo ni ya mpwa wangu kila Jumamosi, na kila akimaliza nakuta mzinga umegeuzwa kuelekea jikoni kwa bibi yake.