Barua kwa mwanangu: Pemba ni ya nani?

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimetuanza na karafuu zimo majamvini, kwa hiyo kutwa ni kuanika na kuanua. Habari zako na za mkeo nimezipata, na nimeshukuru kusikia kuwa mimba inakwenda salama.

Unasema kazini kwako Doha yuko kijana wa Kinepali aitwaye Pemba, kwamba kwao mtoto akizaliwa Jumamosi huitwa hivyo, na tangu ulijue hilo huna utulivu. Unaniuliza: Pemba linaweza kuwa jina la mtu, au ni la mahali tu? Na mkeo akijifungua, kuna ubaya gani mtoto wenu akiitwa Pemba? Nakujibu kwa maandishi, maana simu hukatika na hili lina maneno mengi.

Ni jina la mtu, hilo halina mjadala. Masherpa wa Nepal wana majina ya siku zote saba: Nima wa Jumapili, Dawa wa Jumatatu, halafu Mingma, Lhakpa, Phurba, kisha Pasang wa Ijumaa na Pemba wa Jumamosi. Mwanamume huitwa hivyo na mwanamke pia. Alikuwepo bibi mmoja, Pemba Doma, aliyefika kileleni Everest kwa upande wa kaskazini mwaka 2000, akafika tena kwa upande wa kusini mwaka 2002, kisha mlima Lhotse ukamuua mwaka 2007. Yupo na Pemba Gyalje. Agosti 2008, watu 11 walipokufa kwenye mlima K2, yeye alikwisha kushuka mahali pa salama, akapanda tena kwenda kuwatafuta waliobaki hai. Kwa hiyo kama unauliza heshima, jina hilo limebebwa kwa heshima. Wala sisi watu wa pwani hatuna la kushangaa. Juma si wa Ijumaa? Khamis si wa Alhamisi? Mitaa yetu imejaa akina Mwanajuma na Mwanakhamis. Juma wetu na Pasang wao ni watu wa siku moja, na bahari na milima yote hiyo iko kati yao. Jambo hili limenifurahisha sana.

Lakini naona chini ya swali lako kuna swali jingine, nalo ndilo nitakalolijibu. Unataka kujua jina hili ni la nani, na kama kuna mwenye haki nalo kuliko mwingine. Unajua nisemavyo, nimesema tangu mko wadogo: jina ni la anayeliitikia.

Miaka yote niliyofundisha jiografia nilikuwa nikimsimamisha mwanafunzi mbele ya ramani ya Afrika nimwambie anionyeshe Pemba. Kidole kilikuja moja kwa moja hapa kwetu, akageuka kurudi kitini. Namwambia, bado. Darasa zima linanyamaza. Hapo ndipo nilipowapeleka Zambia, kwenye mji mdogo uliopo kati ya Monze na Choma, kwenye reli ya kwenda Livingstone, unaoitwa Pemba na haujui bahari. Nikawarudisha Dar es Salaam, Kigamboni, iliko kata ya Pemba Mnazi. Nikawapandisha hadi mpakani Tunduma, ambako pana mahali paitwapo Mpemba. Na hapo daima alitokea mmoja wa kuuliza habari ya Erasto Mpemba, yule aliyekuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963 na kuona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya wa baridi, mpaka mwaka 1969 akaandika makala pamoja na Profesa Osborne na dunia ikaliita jambo hilo kwa jina lake. Hakuwa mtu wa kisiwa hiki. Lilikuwa jina lake, basi, na aliliitikia.

Kisha Msumbiji, ndiko nilikokaa nao zaidi. Mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado unaitwa Pemba. Wareno waliuita Porto Amélia, kwa jina la malkia wao, mke wa Mfalme Carlos. Nchi ilipojitawala mwaka 1975, malkia akaondolewa na mji ukaitwa Pemba. Lakini wewe unayesafiri utanielewa: ukikata tiketi ya ndege ya kwenda huko leo, uwanja wao unaandikwa POL, herufi za Porto Amélia, na wetu ndio PMA. Nusu karne ya uhuru, na kila sanduku linaloteremka pale linafungwa karatasi ya malkia aliyekwisha kufa. Hili huniudhi kana kwamba ni la kwetu. Wenyeji wa pale wanasema Kimwani, na ukiwasikiliza kwa makini utayadaka maneno mengi bila mkalimani. Machi 2021, mji wa Palma wa jimbo hilo hilo uliposhambuliwa, nilikuwa nafagia ukumbi, redio ikasema watu wanakimbia kwa vyombo kuelekea Pemba. Niliganda na ufagio mkononi. Nilikwisha kufikiria nani ana chumba, nani ana mchele. Walikuwa wanakwenda Pemba ile, si hii, na hilo halikunipunguzia kitu.

Hata sisi wenyewe hatukuitwa Pemba na kila mtu. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia wa karne ya 13, alikiandika kisiwa hiki al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, kama Waarabu walivyokiita. Majina yamekuja yameondoka, watu wamebaki wanavua.

Sasa nije kwa mjomba wako. Najua ulijua nitafika hapo.

Aliondoka kwenda dago, kambi ya uvuvi, na wenziwe, ndevu hazijamjaa, kusi likivuma, chombo kikatua Vanga, huko Kwale, pwani ya Kenya. Wavuvi wetu wakienda huko tangu enzi za mababu, wala halikuwa jambo la kuandikwa barua. Wenziwe walirudi. Yeye alioa Mdigo, akajenga, akapata watoto, na wengine akawazika huko huko. Kenya ikamwambia: wewe Mpemba, nenda kwenu. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki, hata laini ya simu unasajiliwa na mwenzio, na akisimamishwa njiani hana la kuonyesha. Watoto wake waliozaliwa Vanga, ambao kisiwa hiki hawajakikanyaga, nao waliambiwa hivyo hivyo. Wapemba. Nendeni kwenu.

Bibi yako alipofariki, alikuja. Wewe ulikuwa mdogo, ulilala mapajani kwa shangazi yako, kwa hiyo uliyoyasikia baadaye ni ya kusimuliwa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa ukumbini na wanawake, dirisha liko wazi, wanaume wako nje mkekani. Nikasikia mtu mmoja mkubwa wa mtaa, simtaji, keshatangulia mbele ya haki, akisema: "Mpeni kiti mgeni wetu huyo Mkenya." Kikaletwa kiti cha plastiki, cheupe, kikawekwa kando ya mkeka. Matanga yetu unayajua. Mfiwa hukaa chini. Kiti ni cha mgeni. Mama yake hata udongo wa kaburi haujakauka, naye anapewa kiti.

Hakukikalia. Alisimama chini ya mfenesi, mikono nyuma, mpaka hitma ikaisha. Kile kiti nacho kikabaki pale, kitupu, watu wanakizunguka wakipitisha vikombe vya kahawa, na hakuna hata mmoja aliyekiondoa. Alfajiri akateremka bandarini. Nilimsindikiza, na njia nzima hakusema, ila tulipofika akaniambia: "Kule naitwa Mpemba nifukuzwe. Huku naitwa Mkenya nikaribishwe." Akapanda chombo. Mpaka leo sikai kwenye kiti kama kile.

Na hapa ndipo neno langu linaponigomea. Kama jina ni la anayeliitikia, basi ndugu yangu hakunyang'anywa kitu, maana aliitikia Mpemba maisha yake yote, hata pale ilipomgharimu. Lakini alinyang'anywa; mimi nilikuwa dirishani nikaona. Huenda basi jina linataka na watu wa kukuita kwa mapenzi, la sivyo linabaki mdomoni mwako peke yako. Nimekaa na wazo hilo siku nyingi. Halafu nikasema, hapana. Nikikubali hivyo, nitakuwa nimempa yule bwana wa kiti mamlaka ya kusema nani ni mwenzetu, na karani wa kule naye nimempa. Siwapi. Jina ni la anayeliitikia, aitwe asiitwe.

Majirani wa mjomba wako huko Kwale walikuwa Wamakonde, ambao wengi wazee wao walitoka Msumbiji. Waangalie hao: kwao kwa asili ni huko ambako mji mkuu ni Pemba ile nyingine, na wamekuja kuishi bega kwa bega na watu wa Pemba hii, wote wawili wakikosa karatasi moja. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, wakasikilizwa. Wapemba wakangoja mpaka 2023, ndipo Kenya ikawatambua kuwa raia wake na kabila mojawapo la nchi ile. Mjomba wako hakuiona siku hiyo.

Mwanawe mkubwa aliniletea picha kwa simu. Kakishika kitambulisho kwa vidole viwili, gumba limefunika kona, na chini ya ukucha imeganda deheni. Alitoka kuziba chombo akaenda kukichukua bila hata kunawa vizuri. Niliitazama ile picha mpaka simu ikazima. Nikampigia nikamuuliza: haya, sasa wewe ni mtu wa wapi? Akanijibu bila kufikiri: "Shangazi, mimi Mpemba wa Vanga." Hakuona kwamba kuna la kuchagua. Nilitoka nje nikasimama uani, karafuu zinanukia, nikacheka peke yangu na machozi yananitoka, baba yako akadhani nimepatwa na habari mbaya.

Basi mtoto wako. Atazaliwa Doha, na cheti chake kitaandikwa Doha. Kila atakapokwenda ataulizwa wa wapi, kama unavyoulizwa wewe, na lafudhi yake haitamsaidia. Nikilitazama hilo nasema mwiteni Pemba, asiwepo wa kumletea kiti. Jina lake lenyewe litakuwa limekwisha kumjibia. Halafu namwona akija likizo, anacheza na wenziwe hapo njiani, wanamwita, "Pemba! Pemba!" na wote wamo Pemba, na namwona akisimama kidogo kila mara asijue anaitwa yeye au kinatajwa kisiwa. Tena mtoto abebe kisiwa kizima? Mjomba wako alikibeba, na sikuona kama kilimwachia bega. Lakini Pemba Gyalje naye amebeba Jumamosi tu, akapanda nayo K2 na kushuka. Huyo kijana wa kazini kwako huenda hajawahi hata siku moja kulifikiria jina lake. Labda jina ni jepesi kwa asiyeulizwa.

Nikuambie lipi? Kumpa mtoto jina ni haki ya baba yake na mama yake, na bibi kazi yake ni kuitikia amina siku ya saba. Mimi nina jina langu moyoni. Unalijua la nani, na unajua tangu lini halijaitwa ndani ya nyumba hii. Nilikwisha kuliandika hapa, nimelikata. Silitaji. Akiwa mwanamume ningependa, nisikufiche, lakini silitaji. Na akiwa mwanamke mjadala ni mwingine kabisa, ingawa Pemba Doma alikuwa mwanamke.

Yuko mtu wa mtaani anakuja Doha mwezi ujao, nitampa karafuu na vileja. Gawana na huyo Pemba, umwambie zimetoka wapi, uone atasema nini. Nataka kusikia maneno yake kama alivyoyasema, usinifupishie.

Na katika yote uliyoniuliza, mwanangu, hukuniambia mkeo anataka mtoto aitweje. Muulize yeye kwanza, kisha unipigie Ijumaa baada ya sala.

Mama yako,
Wete