Kope linaloshuka jioni
Ndugu, kope la mama likipanda asubuhi na kushuka jioni, tena anaona kitu kimoja kama viwili, msiseme kiharusi haraka. Kiharusi hakibadiliki hivyo. Hiyo yaweza kuwa miastenia, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi. Funga barafu kwa kitambaa, weka juu ya jicho lililofumbwa dakika 2. Kope likinyanyuka milimita 2 au zaidi, mpelekeni kwa daktari wa neva, kwa mfano hospitali ya Mulago, Kampala. Dawa yake, piridostigimini, kwa kawaida ni miligramu 30 hadi 60 kila saa 4 hadi 6, kwa kipimo cha daktari. Jambo la kuogopa ni sindano, kama za malaria: kila kliniki waambieni kabla ya sindano kwamba ana miastenia, maana kwinini (dawa ya malaria) na jentamaisini (antibiotiki) zaweza kumlegeza hata misuli ya kupumua. Akianza kupaliwa na chakula au pumzi ikipungua, hospitali usiku huohuo.